Kipande changu cha Lumumba

Mtu wa Dar akija Kigoma kitu kinachomchanganya siku za mwanzo ni jua. Saa ni moja nchi nzima ila sisi tuko huku mwisho wa reli, magharibi kabisa, kwahiyo saa kumi na mbili asubuhi wenzetu wa pwani kumeshakucha na huku bado giza, jua linakuja kutokeza linakaribia saa moja na kuna miezi inapita kabisa saa moja. Nalisema hili mapema kwasababu watu wakisikia kufagia barabara asubuhi wanadhani ni kwenye mwanga mzuri na ndege wanaimba, hapana, Kigoma barabara inafagiwa gizani. Tunaingia saa kumi na moja, adhana ya alfajiri inatukuta tumeshashika mafagio, na sehemu kubwa ya kazi inaisha kabla hujaweza kumtambua sura mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Kipande changu ni barabara ya Lumumba, ile inayoshuka kutoka Mwanga mpaka stesheni ya reli kule chini. Sio yote bhana, tumegawana, mi nina cha katikati kinachoanzia pale mteremko unapokolea mpaka kukaribia soko la mjini. Kwa mguu ni matembezi mafupi tu, kwa fagio ni masaa mawili na kitu, na ikiwa usiku mvua ilinyesha usiniulize. Kuna miembe ya siku nyingi, kuna vibanda, kuna mitaro pande zote mbili.

Gizani unafagia kwa masikio. Ukishazoea fagio linakwambia lenyewe, jani la mwembe likiwa kavu linakwaruza, likiwa limelowa linateleza kimya, mchanga una mlio wake, chupa ya maji inagonga alafu inakimbia, na mfuko laini ndo mbaya kuliko vyote maana hausikiki, unajisokota kwenye chelewa na wewe unaendelea kufagia hewa tu unajiona unafanya kazi. Tochi ya kichwani ninayo ila naizimaga, betri ni hela alafu ukiwasha tochi macho yanaona kile kiduara cha mbele tu, ukizima baada ya muda kidogo unaiona barabara nzima. Rifulekta ndo sivui hata kidogo. Wanaotoka baa saa hizo wanaendesha wanavyojua wao, na magari yanayowahi stendi hayana mchezo.

Kabla ya fagio nilikuwa na dagaa, kule mwaloni Kibirizi. Unanunua asubuhi boti zikiingia, unaanika, unageuza, jioni unaokota, unasubiri wanunuzi wa kupeleka Tabora na Dar. Siiponde biashara ile, imesomesha watoto wengi wa mji huu. Lakini dagaa ana mabosi wawili, mwezi na mvua. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi, maana dagaa anavuliwa kwa taa, taa inamwita juu kwenye giza, sasa mbalamwezi ikiwa imewaka ziwa zima taa ya mvuvi inamwita nani, kwahiyo wanapumzika na wewe unapumzika nao wakati watoto nyumbani hawapumziki kula. Na mvua ikikukuta umeanika, siku mbili tu za mawingu zinatosha, dagaa wanabadilika rangi, wanaanza kutoa harufu, unaenda kuwauza kwa wafuga kuku kwa bei ya kulia. Kuna msimu wa mvua mmoja mtaji wangu wote uliishia tumboni mwa kuku.

Mwaka 2016 jirani akaniambia kikundi chao cha usafi kinatafuta watu, nikaenda kwa kujishikiza, nikisema nikipata vihela narudi Kibirizi. Sikurudi. Na sababu ya kwanza itachekesha watu, nilianza kulala. Mwanamke wa dagaa halali jamani, usiku unasikiliza mawingu, radi ikilia huko Kongo wewe huku unakurupuka kwenda kufunika turubai. Fagio ukiliegesha ukutani limeegemea, haliozi, halina deni, halishuki bei kwasababu lori la Dar limechelewa. Unatoka barabarani saa mbili asubuhi kazi imeisha, na nikisema imeisha namaanisha imeisha, hamna kitu cha kwenda nacho nyumbani kichwani. Sikuwahi kuwa na kazi ya namna hiyo maisha yangu yote, na nafikiri watu wengi wenye kazi za kuheshimika hawajawahi kuwa nayo pia.

Wananiulizaga huchoki kufagia kitu ambacho unajua kabisa kesho kitakuwa kichafu? Mbona hamumuulizi mama anayesonga ugali, nao unaliwa na kesho anasonga tena. Mi usafi wenyewe naufaidi dakika chache sana, pale kati ya kumaliza na mji kuamka, nageuka nyuma naangalia juu kule nilikotoka, lami imetulia, na pembeni kwenye mchanga kumebaki michirizi ya fagio, vinusu duara vimepangana mpaka kwenye ule mwembe mkubwa. Alafu mtu wa kwanza anapita anaikanyaga. Mwanzoni nilikuwa namwangalia yule mtu kwa jicho baya kweli, saivi wala. Barabara ni ya kukanyagwa, nikitaka isikanyagwe nifagie makaburini.

Kinachonishika kwenye hii kazi ni ile kuifanya yenyewe, na kuujua mji kupitia chini. Nitafika huko, ngoja kwanza niseme ufundi maana watu hawaamini kwamba kufagia kuna ufundi.

Alfajiri upepo unatoka mlimani unakwenda ziwani. Jua likishapanda unageuka, unatoka ziwani unapanda. Kwahiyo unafagia kushuka, upepo mgongoni, na unahakikisha umemaliza kabla haujageuka, la sivyo unakula vumbi lako mwenyewe na majani yanarudi ulikoyatoa yanakucheka. Mafagio tunafunga wenyewe, huku michikichi ipo kibao kwahiyo chelewa hazisumbui, unafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mkazo kabisa, unakomelea mpini mrefu, na usikubali hata siku moja fagio la kuinama, hilo ni la kufagia uani kwa mama mkwe, ukiinama barabarani mwaka mmoja mgongo umeisha. Fagio jipya ncha zake laini linafaa majani, likishaisha nusu linakuwa gumu, hilo ndo la mchanga na maganda ya ndizi yaliyokanyagwa na magari mpaka yamekuwa sehemu ya lami. Mi natembea na yote mawili. Unakusanya virundo vidogo vidogo na hauviachi mbali, maana nyuma yako kuna kunguru, kuna mbuzi wa watu wasiofungwa, na kuna bodaboda ambaye kati ya barabara yote pana ile atapita katikati ya rundo lako. Mwenzako wa toroli anakufuata na chepe, anazoa, anapeleka kwenye kizimba cha taka, gari la taka linakuja kuchukua pale linapokuja.

Sasa mtaro. Wageni wa kazi wote wanapenda kusukumia takataka mtaroni, unawaelewa, inakwenda haraka, lami inang'aa, msimamizi akipita na pikipiki anasifia. Ngoja mvua. Mji wetu uko kwenye vilima, mvua ikipiga kule juu Mwanga udongo mwekundu unashuka wote, ukikuta mtaro umeshiba chupa na pampasi maji yanaruka juu, yanaingia barabarani, yanakurudishia kila ulichosukuma na tope juu yake. Na mtaro ukiwa mzima basi vinaenda ziwani, maana huku mitaro yote mwisho wake ni huko. Watu wanasemaga Tanganyika ni ziwa kubwa lile, kina chake karibu mita 1,470, duniani linapitwa na moja tu, Baikal kule Urusi, kwahiyo eti litameza. Halimezi kitu. Chupa haizami, inaelea inazunguka inarudi ufukweni palepale mtu anapochota maji ya kunywa na mwingine anafulia.

Na sisi watu wa Kigoma maji machafu tunayajua, hatujasomea kitabuni. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwao wakaingia kwa maelfu kupitia Kagunga, kakijiji kadogo kale mpakani ufukweni hakana choo cha kutosha wala maji, meli yetu ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta hapa, wanashushiwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla hawajapelekwa kambini Nyarugusu. Kipindupindu kikazuka humohumo. Mtu amekimbia risasi na watoto mgongoni, amelala juu ya mchanga, kiu imemshika, ziwa lipo mbele yake, ungemwambia asinywe? Mi wakati ule bado niko kwenye dagaa, nakumbuka tulivyokuwa tunaogopa hata kupeana mikono. Ndo maana mtaroni nashuka hata siku msimamizi hayupo, na wale wanaonicheka kwamba natoa matope kama nalipwa kwa ndoo waache wacheke.

Pampasi nimeitaja, acha niseme kabisa. Adui namba moja wa mfagiaji wa siku hizi ni pampasi. Namba mbili chupa ya maji ambayo ndani sio maji, dereva amejisaidia humo akaitupa dirishani. Namba tatu wembe na sindano, na hapo ndo glavu inapokuwa muhimu kuliko hata fagio. Glavu za kupewa zinachelewa, nunua zako, usisubiri.

Haya, kuujua mji. Ukifagia sehemu moja miaka yote hii takataka zinakuwa gazeti. Mechi ya Simba na Yanga huna haja ya kuuliza kama ilionyeshwa jana, nje ya vibanda umiza kuna maganda ya karanga na makapi ya miwa mpaka ya kutosha kulisha ng'ombe, na mikeka. Mikeka ya kubeti, karatasi ndogo ndogo zimechanwa vipande vipande kwa hasira, na kwa jinsi zilivyochanwa unajua kabisa timu moja tu ndo imemwangusha huyu. Mwisho wa mwezi mifupa ya kuku inaongezeka. Katikati ya mwezi ni mifupa ya migebuka, samaki wa ziwa letu. Januari shule zikifunguliwa unakuta maboksi ya viatu na nailoni za sare. Miezi ya maembe, Novemba, Desemba mpaka Januari huko, ni kokwa tupu, kokwa na nzi, na watoto wanaokuja kurusha mawe kwenye miembe bado hakujakucha, wanakimbia wakiona rifulekta wanadhani mi askari.

Kuna vitu vimepotea kabisa na mi ndo nilikuwa wa kujua kwanza. Viroba, ile pombe ya mifuko midogo, nilipoanza kazi ilikuwa asubuhi ukifagia mbele ya vibanda vya mateja wa pombe unazoa viroba vitupu kwa chepe, vimetapakaa kila mahali. Serikali ikapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nawaambia ndani ya wiki chache vilipotea kwenye fagio langu. Hawakuacha kunywa, tukaanza kuzoa vichupa. Mifuko ya plastiki nayo, rambo, mwezi Juni 2019 ikawa mwisho, na hiyo nitaishukuru mpaka naingia kaburini maana ndo ilikuwa inaziba mitaro. Haijaisha yote, vile vifuko laini vya kufungia karanga na barafu bado vinatuchezea akili, ila aliyefagia kabla na baada anajua tofauti. Vocha za kukwangua pia. Zamani mbele ya kila duka chini ni vocha tu, zimekwanguliwa zinametameta, saivi watu wananunua salio kwenye simu, vocha ukiiona unaiokota kwa kumbukumbu. Mwaka 2020 tukazoa barakoa, zikaja kwa kasi zikaondoka kwa kasi.

Lakini lililonigusa zaidi ni 2024, ziwa lilipofungwa. Kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti hakuna kuvua, samaki wapumzike wazaliane. Mi kwenye kipande changu pale juu, siku za giza ziwa naliona, usiku usio na mwezi taa za wavuvi zimejipanga huko katikati mpaka mgeni anauliza ule mji gani ng'ambo. Miezi ile mitatu hakuna taa. Unafika saa kumi na moja, unaangalia kule, weusi mtupu. Na barabarani ukaona, magamba ya samaki yamepungua, mifupa imepungua, mabanda ya chakula yanatupa maganda ya mayai na maharage mabovu. Akina mama niliokuwa nao Kibirizi wakaanza kunifuata nyumbani, shoga hamna nafasi ya fagio huko kwenu? Wale wale waliokuwa wananipita mi nikiwa barabarani wanajifanya wanaangalia simu. Hakukuwa na nafasi, na hata ingekuwepo hela ya fagio haifikii dagaa akiwa amekubali. Ziwa lilipofunguliwa nilijua kabla ya kusikia redioni, taa zilikuwepo. Sisemi kufunga ni kubaya, nasikia samaki waliongezeka na mi mchumi sio, nasema tu kilichoonekana kutokea kwenye lami.

Njia panda zina mambo yake. Kigoma tunasifika kwa waganga, nusu ya sifa ni uongo wa watu wa mbali na nusu nyingine sitii neno. Asubuhi asubuhi unakuta yai, kitambaa chekundu, wakati mwingine sarafu zimepangwa, mkaa umechorwa. Kwenye kikundi wengi hawagusi, wanapita pembeni wanasema hiyo itazolewa na mvua. Yupo bi mkubwa mmoja, mtu mzima wa Ujiji, ye ndo tunamwitaga, anakuja taratibu anasema bismillahi, anafagia yote, sarafu anafuta kwa kanga anaweka kwenye kopo la chai. Kopo la chai ni sarafu zote tunazookota, hamsini hamsini, mia mia, zinaingia humo na zikitosha tunakunywa chai ya rangi na vitumbua kwa mama mmoja jirani na soko. Nikamuuliza bi mkubwa huogopi? Akasema mwanangu, hela ya mchawi na hela ya mfanyabiashara zote zina picha ileile. Tunakunywa. Hatujafa.

Vitu vya maana tukiokota, simu, kitambulisho, pochi, kikundi kina utaratibu, vinakwenda kwa msimamizi wakiwepo watu wawili, na mwenye kutaka kuwa mjanja anaondoka siku hiyohiyo. Ni kwa usalama wetu wenyewe. Mfagiaji ndo mtu wa kwanza kushukiwa kitu kikipotea mtaani, kwahiyo lazima uwe mtu wa mwisho kuwa nacho.

Watu wa alfajiri ni wachache na mnafahamiana bila majina. Mzee anayetoka msikitini ananipa "mwakeye" yake ya Kiha kila siku na mi nampa shikamoo, tumemaliza, ila siku asipopita nabaki na wasiwasi mpaka kesho. Muuza kahawa ananipa kikombe cha kwanza siku ambazo jiko limewahi. Watoto wa shule, hasa wale wadogo, wanaamkia wote, shikamoo mama, shikamoo mama, mpaka unachoka kuitikia. Wanaopita baadaye na magari wengi hawakuoni, na sisemi kwa kulalamika. Kutoonekana kuna utamu wake ujue. Hakuna anayekusimamia shingoni, hakuna anayetaka ucheke naye wakati huna la kuchekea, unafanya kazi yako na mawazo yako, masaa mawili mji mzima wenye kelele zote hizi ni wako na wa mbwa. Nimemalizia huzuni nyingi pale Lumumba nikiwa nafagia, nilipofiwa na kaka yangu watu walinijazia nyumba siku zote za msiba, nikawashukuru, lakini kulia vizuri nililia wiki iliyofuata barabarani kati ya mwembe na mwembe, hamna wa kuniambia nyamaza.

Kinachoniudhi kipo. Ni ile "si mnalipwa?" Kijana anamaliza juisi, anakuangalia, anaachia kopo mbele ya fagio lako, ukimtazama anakwambia tukiacha kutupa nyie mtakosa ajira. Huwa namjibu, basi na wewe kavunjike mguu daktari apate kazi. Wengine wanacheka wanaokota, wengine wanatukana. Jingine ni posho kuchelewa. Hela yenyewe ndogo, kuna kipindi aliyekuwa anatulipa alikaa na jasho letu miezi, kila ukimuuliza anasema iko njiani, sijui ilikuwa inakuja kwa miguu kutoka Dodoma. Baadhi wakaacha. Mi nilibaki, nikawa nafuma vikapu mchana, na sitadanganya kwamba nilibaki kwa mapenzi ya fagio tu, ningepata pengine penye hela kipindi kile ningeenda. Kazi inaweza kuwa nzuri na malipo yake yakawa mabaya, watu wanachanganya hivi vitu viwili, ukisema unapenda kazi wanaona basi huna haja ya kulipwa kwa wakati.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni burudani. Siku ya usafi, maduka yamefungwa mpaka saa nne, kila mtu anatakiwa ashike fagio mbele ya kwake. Wanakuja wakubwa wamevaa tisheti mpya, glavu nyeupe, wanasukuma mchanga kwenda juu, upepo unawarudishia, wanapigwa picha. Nacheka kimoyomoyo, ila napenda ile siku. Kuna mwenye duka mmoja hakuwahi kunisalimia, Jumamosi moja akafagia mbele ya duka lake dakika kumi kwa kile kifagio cha kuinama, akasimama ameshika kiuno, akaniambia mama kumbe hivi ndo mnafanyaga kila siku? Tangu hapo taka zake anaziweka kwenye salfeti ameifunga mdomo. Sikumfundisha mimi, kiuno kimemfundisha.

Sasa mwezi ujao tunabadilishana vipande, mi napelekwa upande wa kushuka Kibirizi ambako maji ya ziwa yalipanda miaka hii yakala sehemu ya ufukwe, kazi yake ni tofauti, mchanga mwingi na magamba. Lumumba anaichukua binti mmoja mgeni, ana nguvu ila ana haraka. Wiki hii namtembeza. Nimemwonyesha mahali udongo wa Mwanga unapotuama mvua ikinyesha, karavati ambalo lazima uingize mkono maana chepe halifiki, mama ntilie anayemwaga maji ya vyombo barabarani na jinsi ya kumwomba bila kugombana, muda ambao lori la soko linageuka bila kuangalia nyuma. Nimemwachia fagio langu lililoisha nusu, akaliangalia kwa dharau, akasema anataka jipya, nikamwambia chukua yote mawili utanitafuta mwenyewe. Kitu pekee ambacho sijamwambia ni kuhusu yule bata mzinga wa nyumba ya geti la bluu anayechukia rifulekta, huyo watajuana wenyewe.